Maswali yenu: mtoto mchanga na hii baridi ya kwetu

Niko Uyole, Mbeya, mwanangu ana wiki sita. Usiku baridi kali, naingiza jiko la mkaa chumbani na dirisha naacha wazi kidogo, si haina shida?

Shida ipo mamangu, tena kubwa, naomba hilo jiko litoke leo hii. Mkaa ukishakolea moshi unaisha, unadhani sasa uko salama, kumbe bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inawalegeza wote mliolala na hamtaamka kufungua mlango, na hako kadirisha hakatoshi. Mvalishe nguo nyepesi mbili tatu, soksi, na kabla ya kulala mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi ujifunike naye, hilo joto linatosha sana. Kujua kama ana baridi mguse kifua au nyuma ya shingo, vidole vya mtoto huwa vya baridi tu. Alale chali, bila mto, na lile blanketi zito la manyoya usimrundikie likamfika usoni.

Nampeleka wa miezi minne Dar kwa bibi yake, kwenye basi nikae naye vipi?

Chagua basi la mchana, siti ya katikati, sio mbele kwa dereva wala mlangoni. Mkanda funga wewe peke yako, usimzungushie na yeye maana basi likifunga breki ghafla mwili wako wote unamkandamiza. Kumpakata sio salama kama kiti chake, nakwambia ukweli, ila kwenye basi ndo uwezo tulionao, basi mshike kwa mikono miwili na usisinzie naye kwenye zile kona za mlima Kitonga. Kitu wengi wanasahau: mmepanda Mbeya saa kumi na mbili asubuhi kamevaa sweta, kofia na shali juu, mkishuka Kitonga kufika Ruaha Mbuyuni joto limebadilika kabisa na mtoto bado yumo kwenye furushi lile lile, uso mwekundu, shingo imelowa jasho. Mvue mapema, mnyonyeshe mara kwa mara, usimfunike uso.

Bodaboda je, mpaka kliniki tu?

Hapana. Panda bajaji au daladala.

Wa kwangu ameanza kutambaa, niangalie nini?

Maji ya moto na chai. Wangu wa kwanza alivuta kitambaa cha meza na chupa ya chai ikaja nacho, ilianguka sentimita chache tu pembeni ya mkono wake na tangu siku hiyo kwangu meza haina kitambaa. Beseni la kuogea tia maji ya baridi kwanza ndo uongeze ya moto, pima kwa kiwiko. Akiungua, maji safi ya bomba yapite juu yake dakika 20, usipake dawa ya meno wala yai, halafu hospitali.

Ana miezi saba na kikohozi, bibi anasema nimpe asali.

Bibi mwambie kwa upole asubiri mpaka mtoto afikishe mwaka, asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Na akipumua haraka haraka au mbavu zinaingia ndani, usisubiri asubuhi.