Utajuaje kifaranga cha samaki ni mkizi kweli? Mimi naangalia mgongoni kwanza

Mkuu umeuliza hivi visamaki ulivyochota mikokoni kwa chandarua utajuaje kama ni mkizi, mi nimehangaika na hilo swali miaka minne huku Mbweni, ngoja nikwambie.

Kwanza mkizi hatagi mikokoni, anaenda kutaga baharini, mayai yanaelea, yai moja kama milimita 1 na ndani lina tone moja la mafuta. Linaanguliwa baada ya siku moja na nusu hadi mbili hivi, inategemea joto la maji, na kanakotoka hakafiki hata milimita 3, mdomo haujafunguka, kanakula kiini chake tu. Hao hutawapata kwa chandarua. Wanaoingia huku na maji kujaa wana kama sentimita 2, mapezi yote yameshakamilika.

Sasa chukua beseni jeupe, wamwage humo, subiri watulie, halafu tazama mgongoni. Mkizi ana mapezi mawili yaliyoachana kabisa, la mbele lina miiba minne tu, la nyuma ni laini. Hapo ndo pa kuanzia! Mwatiko, samaki mwingine wa pwani, ana pezi moja tu mgongoni, na akiwa mdogo ni kama kioo, unaona macho mawili na kidoti cheusi katikati basi. Mkizi akiwa lava, yaani kachanga katoka yaini, huko baharini ni mweusimweusi na kamwili kake kamejaa, ule mng'ao wa fedha ubavuni anakuja nao akisogea pwani.

Bwawa langu la kwanza niliamini huo mng'ao tu, kila kinachong'aa nikatia, kumbe humo mna wanaokula wenzao, kuja kuvua nikapata hata robo ya niliowatia haifiki. Iliniuma sana aisee.

Halafu pezi la chini, lile nyuma ya tundu la haja. Watu wanaambiwa mkizi ana miiba mitatu, wanahesabu kwa kifaranga wanakuta miwili wanamwaga ndoo nzima. Usimwage ndugu yangu! Ule wa tatu kwa mdogo bado ni unyuzi laini, unakuja kukomaa kuwa mwiba akikaribia sentimita 4. Kwahiyo mdogo utakuta miiba 2 na nyuzi 9, akikua inakuwa 3 na 8, huyo ndo mkizi yule mkubwa tunayemtaka bwawani, jamaa zake wengi, yaani mikizi ya aina nyingine, wakishakua wana 3 na 9. Mpige picha kwa simu akiwa kwenye maji kidogo, uikuze, uhesabu taratibu, usimshike kwa mkono mkavu magamba yanabanduka.