Siku ya Mashujaa ikikukuta melini: kwa mnaoanza kazi njia ya Bukoba

Ukipangiwa safari ya Mwanza kwenda Bukoba usiku wa tarehe 24 Julai, jua mapema kwamba Siku ya Mashujaa itakukuta majini. Saa sita usiku, Mwenge wa kumbukumbu unapowashwa huko nchi kavu, nyinyi mtakuwa katikati ya Ziwa Victoria na abiria wengi wamelala. Waacheni walale. Mama aliyehangaika hadi mtoto wake akasinzia pale daraja la tatu hastahili kushtuliwa na kipaza sauti, hata kwa jambo jema. Kumbukumbu ifanyike asubuhi kabla ya kufika Kemondo, gati la mwisho kabla ya Bukoba, watu wakiwa macho na chai imeanza kuzunguka.

Ruhusa iombwe kwa nahodha kabla ya kung'oa nanga Mwanza Kaskazini. Mpelekee tangazo lako likiwa limeandikwa, alisome. Bendera usiiguse; kuishusha nusu mlingoti ni amri yake. Na honi ya meli isigeuzwe kuwa buruji. Majini kila mlio una maana: mlio mfupi mmoja unaviambia vyombo vingine kwamba unageukia kulia, na mitano mifupi ni onyo kwamba humwelewi mwenzako anafanya nini. Mvuvi wa dagaa anayerudi mwaloni alfajiri akisikia honi isiyo na sababu, atahangaika kukwepa hatari ambayo haipo. Vilevile aliyeshika usukani na anayeangalia mbele hawainamishi vichwa, na wa chumba cha injini wanaendelea na kazi. Dakika ya ukimya ni ya abiria na ya walio nje ya zamu.

Kwenye maneno ndipo ninapowaomba muwe waangalifu zaidi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba yakavunja daraja la Kyaka lililovuka mto huo. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Hayo yanatosha. Ila sema "majeshi ya Idi Amin", kamwe usiseme "Waganda". Ndani ya meli hiyo hiyo huenda wamo Waganda wanaorudi kwao kupitia mpaka wa Mutukula, na Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na wanajeshi wetu. Mtu huyo naye ana wafu wake kutoka vita ile ile. Neno moja la kizembe linamfanya aketi kama mshtakiwa kwenye safari aliyoilipia nauli.

Msiifanye pia kuwa siku ya vita hiyo ya Kagera peke yake. Ziwa hili lenyewe lilikuwa njia ya vita wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: Juni 1915 Waingereza walipakia askari Kisumu kwa meli wakaja kuishambulia Bukoba, na Julai 1916 wakaichukua Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita ile ni wengi mno, na wengi wao hawana hata kaburi lenye jina. Watajeni.

Abiria wengine watawakumbuka ndugu zao wa MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Wapokeeni kwa upole, lakini tangazo lisichanganye misiba hiyo miwili.

Sasa wazee. Ukimwona mzee kwenye benchi anafungua leso, anatoa nishani na kujaribu kuibandika kwenye koti huku meli inayumba, piga goti umshikie upindo wa koti hadi pini ipite. Mwamkie shikamoo, umwite baba au mzee wangu, basi. Usimuulize aliua wangapi. Nimesikia swali hilo likiulizwa na kijana mwenye sare, na liliniuma. Akitaka kusimulia atasimulia, nawe ukae umsikilize hata kama sahani za chai zinakusubiri. Usimpige picha bila idhini yake, wala usimsimamishe mbele ya watu kwa mshangao. Muulize jioni, faraghani, kama angependa kusema neno asubuhi. Wengi hukataa, na wana haki hiyo.

Wapo pia wajane na watoto wanaokwenda Kaboya, wilayani Muleba, yaliko makaburi ya askari wetu wa vita ya Kagera. Waulize tangu Mwanza nani anakwenda huko, maana Kemondo ni karibu zaidi kuliko Bukoba na mgeni anaweza kupitilizwa usingizini. Andika namba za viti vyao. Gati la Kemondo lina msukumano wa wachukuzi na mizigo, kwa hiyo wateremshe wao kwanza, mmoja wenu awabebee mizigo na shada la maua hadi penye magari, na bei ya nauli ikubaliwe ukiwa umesimama hapo.