Njia Tambarare ya Kando ya Mto na Magoti Yanayouma

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kisauni, Mombasa, mwenye umri wa miaka 61 na uzito wa kilo 78. Mwanangu anaishi Linz, Austria, na amenialika mwezi wa Juni tuendeshe baiskeli pamoja kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, kwa njia ya lami inayofuata mto Danube. Anasema njia ni tambarare na tutakwenda polepole, kilomita 50 kwa siku, kwa baiskeli za kukodi. Kwa sasa nafanya mazoezi kwa baiskeli yangu isiyo na gia, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Nikifika kilomita 15 hivi, magoti huniuma upande wa mbele, na vidole viwili vya mwisho vya kila mkono hufa ganzi. Ikiwa njia haina vilima, gia ni za nini? Na maumivu haya niyafanyeje?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nianze na hilo neno tambarare, kwa kuwa ndilo linalowaponza wengi wanaokuja kwangu kutayarishiwa baiskeli ya safari ndefu.

Sehemu kubwa ya njia ile inafuata mapito ya zamani ya farasi waliokuwa wakiburura mashua kwa kamba dhidi ya mkondo, na ndiyo sababu haiachani na ukingo wa maji. Kutoka Passau, inapokutana mito mitatu, hadi Vienna ni zaidi ya kilomita 300, na katika masafa yote hayo mto unashuka takriban mita 140 tu, yaani chini ya nusu mita kwa kila kilomita. Mteremko huo unayatosha maji, lakini hauitoshi baiskeli: msuguano wa tairi na lami peke yake unakula nguvu mara kumi au zaidi ya ile unayopewa na mteremko huo, mbali na upepo. Kwa hiyo utakanyaga pedeli kutwa. Anayepanda vilima hutaabika, lakini husimama juu ya pedeli, kisha huteremka miguu ikiwa imetulia, magoti yakapumzika na makalio yakapitisha damu. Kando ya mto nafuu hiyo haipo. Kilomita 50 kwa gia yako ya sasa ni mizunguko 9,000 hivi ya pedeli kwa siku, yote kwa mkao mmoja, na kosa la sentimita mbili katika urefu wa kiti hurudiwa mara hizo 9,000.

Sasa gia. Kwa meno 44 mbele na 18 nyuma, na gurudumu la inchi 28, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 5.5 hivi. Upepo ukikukabili, mwendo wako utashuka hadi kilomita 12 kwa saa, ambazo ni mita 200 kwa dakika. Hapo miguu yako itakuwa inazunguka mara 36 tu kwa dakika, na kila mkanyago utakuwa mzito kama wa mtu anayepanda ngazi amebeba gunia. Goti haliumizwi sana na wingi wa mizunguko. Linaumizwa na uzito wa kila mkanyago. Ukiwa na gia ya meno 38 mbele na 24 nyuma, mwendo huohuo wa kilomita 12 utaupata kwa mizunguko 56 hivi, kila mmoja mwepesi. Hiyo ndiyo kazi ya gia kwenye njia tambarare: kukuwezesha kuzungusha miguu kwa kasi ileile, baina ya mara 60 na 70 kwa dakika, hata mwendo wa baiskeli ukibadilika.

Mwenye duka la kukodisha akikuuliza, omba baiskeli ya safari yenye gia saba au nane zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Zinatosha kabisa, hazichafuki, na unaweza kuzibadilisha ukiwa umesimama. Huna haja ya gia 27.

Upepo nao unajulikana. Katika bonde la Danube huvuma zaidi kutoka magharibi, na ndiyo maana waendeshaji wengi huanzia Passau wakielekea Vienna, wakiuacha mgongoni kama jahazi linavyosubiri msimu wake. Lakini zipo siku upepo utageuka, kwa hiyo jizoeze hapa. Miezi hii ya kusi ukitoka Kisauni alfajiri kuelekea Mtwapa, kaskazini, kabla matatu hazijajaa barabarani, utasukumwa wakati wa kwenda. Kurudi ndiko kutakakokufunza.

Kuhusu goti, nakuomba uanze na kiti. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanatokana na kiti kilicho chini mno pamoja na gia nzito, na wewe nadhani unavyo vyote viwili. Simama bila viatu, mgongo ukutani, ubane kitabu kati ya mapaja hadi juu kabisa, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kipimo hicho kwa 0.88. Ukipata sentimita 80, kiti chako kinapaswa kuwa sentimita 70 hivi kutoka katikati ya ekseli ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na mikono ya pedeli, hadi juu ya kiti, utepe ukilifuata bomba la kiti. Thibitisha kwa kisigino: ukikiweka juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama; ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti likunjike kidogo. Kwa umri wako sioni ubaya ukishusha sentimita moja ili ukisimama vidole vya mguu viguse chini.

Hapa pwani, hata hivyo, kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi. Watu wengi wanaendesha na kiti cha chini, si kwa kupenda, bali kwa sababu bomba la kiti limeganda ndani ya fremu kwa kutu ya chumvi. Mwezi uliopita nilifanya kazi ya siku mbili kwenye bomba moja la namna hiyo: jioni nilitia mafuta mepesi pale bomba linapoingia kwenye fremu, asubuhi nikayaongeza, kisha nikashika kiti kwa mikono miwili nikakizungusha kushoto na kulia, unywele kwa unywele, hadi unga mwekundu ulipoanza kutoka kwenye ukingo. Mwenyewe alikuwa amekuja na nyundo. Tafadhali usigonge, Mwalimu, fremu hupasuka. Bomba likitoka, lipige msasa, lipake grisi, na uhakikishe alama ya mwisho iliyochorwa juu yake inabaki ndani ya fremu.

Ukirekebisha kiti na gia na goti bado likauma, au likivimba, jambo hilo ni la daktari na si la fundi.

Vidole vya mwisho kufa ganzi kunatokana na neva inayopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, ambayo inabanwa unapouegemea usukani. Sababu mara nyingi ni pua ya kiti kuinamia mbele: mwili unateleza, mikono inauzuia. Weka kibao bapa juu ya kiti na uhakikishe kimelala sawa. Inua usukani ulingane na kiti au ukizidi kidogo, kisha badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika kumi, hata kama hujaanza kusikia chochote, kwa sababu ganzi ikishaingia huchelewa kutoka.

Tairi usilijaze likawa jiwe. Lami nzuri nayo ina mtetemo, na mtetemo huo huishia kwenye viganja. Kwa uzito wako, na kwa tairi la upana wa milimita 40, paundi 50 za upepo nyuma na 40 mbele zinafaa, ilmradi usikivuke kiwango kilichochapwa ubavuni mwa tairi. Mizigo iwe kwenye mifuko ya pembeni, chini, juu ya keria ya nyuma. Usibebe chochote mgongoni isipokuwa shati lako.

Yapo mambo mawili ya baiskeli za kule ambayo nataka uyajaribu kwanza uwanjani, mwanao akiwa karibu. Nyingi za kukodi hufunga breki ya nyuma ukikanyaga pedeli kinyumenyume, jambo ambalo mguu uliozoea kuzungusha nyuma ovyo utalifanya bila kukusudia. Pia, kwenye baiskeli zetu mkono wa kulia kwa kawaida hushika breki ya mbele, na kule ya mbele huwa kushoto. Ukishtuka ukaibana kwa nguvu, unaweza kurushwa juu ya usukani. Na kwa kuwa kule hupita kulia, kila asubuhi mnapoondoka mwache mwanao atangulie kwa kilomita ya kwanza, mpaka macho yako yazoee.

Kipimo cha kiti ulichokipata, kiandike kwenye karatasi na uchukue utepe wa kupimia mfukoni. Siku ya kuchukua baiskeli huko Passau, mwombe mwenye duka akiweke mbele yako kabla hujalipa.