Usitoe Themostati: Kwa Wenye Gari Ndogo za Turbo Arusha na Moshi

Dada mmoja wa Moshi ameniandikia. Ana Volkswagen Polo ya 2011, injini ya 1.2 TSI, yaani ya petroli yenye turbo, anayoendesha kwenda Arusha na kurudi karibu kila wiki. Miezi ya kwanza ilikuwa ikimpa kilomita 15 kwa lita moja, sasa inampa 10. Asubuhi ikiwashwa inapiga kelele kama mnyororo unaokwaruza bati, sekunde mbili hivi, kisha inatulia. Fundi amemwambia turbo za Ulaya, yaani vile vifaa vinavyosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, haziwezi barabara zetu, auze mapema. Nilimuuliza swali moja tu: imefanyiwa nini tangu uinunue? Akajibu kwamba ilichemsha kidogo siku moja ikipanda Kibosho, wakatoa themostati, na oili wakaweka nzito ili isiwe inapungua.

Dada yangu, usiuze gari. Kinachokula mafuta yako leo ndicho kitakachoua injini yako mwakani, na chote kinaweza kurekebishwa wiki hii.

Tuanze na themostati, maana kosa hili limezagaa mno na linaniuma kila nikilisikia. Ile ni vali ndogo yenye nta ndani. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ikifika joto lake, kwenye injini nyingi kati ya nyuzi 80 na 90, nta inatanuka na kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, kulanti inazunguka kwenye rejeta tangu injini inapowashwa. Ukiwa barabarani kati ya Boma Ng'ombe na Usa River, upepo unapiga rejeta kwa spidi ya 80, injini inaweza kubaki nyuzi 60 au 70 safari nzima. Kompyuta ya gari inasoma joto hilo na kuamini kwamba injini haijapata moto bado, kwa hiyo inaendelea kuongeza petroli. Hapo ndipo zinapopotelea kilomita zako.

Sasa fuata hiyo petroli ya ziada inakoenda. Haiungui yote. Sehemu yake inateleza kwenye kuta za silinda, inapita ringi na kushuka kwenye oili. Na kwa kuwa injini haifiki joto la kutosha, petroli hiyo haipati nafasi ya kuvukizwa itoke. Oili inakuwa nyepesi. Juu ya oili hiyohiyo inaelea shafti ya turbo, ambayo kwenye turbo hizi ndogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Kwenye nyingi ya gari hizi hakuna gololi zinazoibeba. Kilichopo ni utando mwembamba wa oili kati ya chuma na chuma. Utando ukipoteza nguvu, chuma kinagusa chuma.

Jipime mwenyewe. Egesha gari sehemu tambarare, injini ikiwa na moto, izime, subiri dakika 10. Chomoa dipstiki, dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe, kisha inusa. Oili ya kawaida inanuka oili. Ikinuka kama kituo cha mafuta, au kiwango chake kimepanda badala ya kushuka tangu servisi, oili yako imeingiwa na petroli na inatakiwa kumwagwa leo, hata kama ina kilomita 1,000 tu.

Na lile lililofanya ichemshe siku ya Kibosho huenda bado lipo palepale. Kutoa themostati mara nyingi hakutibu kitu, kunaficha tu dalili. Chanzo mara nyingi huwa ni pampu ya maji inayovuja, feni isiyowaka, rejeta iliyozibwa kwa nje na vumbi na wadudu, au mfuniko wa chupa ya kulanti uliochoka. Huu mfuniko watu wanaudharau kabisa. Kwenye mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Kinachozuia kulanti ya gari isichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na mfuniko. Raba yake ikikatika, huku kwetu unachemsha haraka kuliko mtu wa Dar es Salaam mwenye gari kama lako. Ni spea ya bei ndogo, na ndiyo ya kubadilisha kwanza. Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, kama yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi). Maji ya bomba yanaacha magamba, na kwenye TSI nyingi ndogo kulanti inapoza turbo na interkula pia, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Ukisikia pampu ndogo ya umeme ikinguruma dakika kadhaa baada ya kuzima gari, iache ifanye kazi. Inapoza turbo. Wapo waliochomoa waya wake wakidhani ni hitilafu.

Nije kwenye oili nzito. Hoja ya wanaoweka oili nzito kama 20W-50 ni kwamba haipungui haraka. Kweli, inaweza kupungua taratibu kidogo, ila angalia inachofanya saa 12 asubuhi mwezi wa Julai, Arusha ikiwa nyuzi 12. Oili hiyo inatembea kama asali. Sekunde za kwanza turbo inazunguka bila oili ya kutosha, na kifaa kinachokaza taiming cheni, yaani mnyororo unaoendesha vali, ambacho kinategemea presha ya oili, kinachelewa kujaa. Ile kelele ya mnyororo anayoisikia dada yetu kila asubuhi inaweza kuwa inatoka huko. Injini pia inatumia nguvu nyingi kusukuma oili nzito kwenye njia nyembamba, na nguvu hiyo unailipia kwenye pampu ya petroli.

Weka 5W-40 au 5W-30 iliyoandikwa VW 502 00, kiwango cha oili cha Volkswagen, kama gari ni Polo au Golf ya petroli. Kwa gari za Kijapani zenye turbo na injekta zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, fuata unene ulioandikwa kwenye kitabu na tafuta alama ya API SP, kiwango cha ubora wa oili kilichoanza 2020. Alama hiyo ina sababu. Injini hizi zina ugonjwa wa kulipua mchanganyiko kabla plagi haijatoa cheche, hasa resi zikiwa chini na mguu ukiwa mzito, na mlipuko mmoja mbaya unaweza kuvunja pistoni sehemu inayoshika ringi. Ilionekana kwamba kalsiamu nyingi kwenye oili inachochea jambo hilo, ndipo viwango vya SN Plus mwaka 2018 na SP baadaye vikaja. Polo ya 1.2 inachukua chini ya lita 4. Badilisha pamoja na filta kila kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Gari za Kijapani za cc 660, Jimny, Pajero Mini na Terios Kid zenye turbo, zinachukua karibu lita 3 tu na kwenye lami zinazunguka resi za juu muda wote, kwa hiyo kwao kilomita 5,000 ni mwisho, usiongeze hata 500. Nunua oili kwa muuzaji anayetoa risiti, na angalia kizibo kimefungwa tangu kiwandani. Gari ikila oili zaidi ya nusu lita kwa kilomita 1,000, acha kuongezea tu, tafuta inakopotelea.

Halafu mwinuko. Watu wanasema turbo haijali mlima. Inajali, ila inavumilia kimyakimya. Gari lisilo na turbo likiwa Arusha linapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na dereva anahisi limekuwa zito. Gari la turbo linafidia. Chukua mfano wa kompyuta inayotaka presha ya kilopaskali 160 ndani ya manifodi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye silinda. Dar es Salaam turbo inabana hewa mara 1.6, Arusha inabidi ibane karibu mara 1.9. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na wewe kwenye usukani huhisi chochote. Ndiyo maana klampu iliyolegea ambayo Dar isingekusumbua, hapa inakula turbo.

Fungua boneti ufuate bomba la hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Pale hewa inapovuja, ukungu wa oili unatoka nao na vumbi letu linanasa, kwa hiyo utaona pete nyeusi yenye unyevu kuzunguka mdomo wa bomba. Ifute, kaza klampu, endesha siku mbili, angalia tena. Pete ikirudi, bomba limepasuka kwa chini au raba imekakamaa. Lipake maji ya sabuni huku fundi akijaza hewa kidogo kwenye mfumo, povu litakuonyesha.

Kuna kipimo kingine kizuri mno ambacho hakikugharimu kitu ukishakuwa na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na kusoma kwa simu. Washa swichi bila kuwasha injini, soma presha ya manifodi. Arusha mjini inatakiwa iwe karibu kilopaskali 86, Moshi karibu 91, Dar es Salaam 101. Ikisoma 101 ukiwa umesimama Njiro, sensa inadanganya, na kompyuta inapima petroli kwa uongo huo. Hapohapo tazama joto la kulanti baada ya dakika 15 za kuendesha. Chini ya 80, themostati haipo au imekwama wazi.

Filta ya hewa nitaisema kwa ufupi. Vumbi la barabara za ndani za Kwa Mrombo au Ngaramtoni ni laini kama unga. Kuipuliza filta kwa kompresa kunatanua nyuzi za karatasi, na kuanzia hapo vumbi linapita hadi kwenye mapanga ya turbo. Ikague kila servisi, ibadilishe kila kilomita 10,000 kama unaishi pembeni ya lami. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba baada ya filta. Kikitoka na vumbi, filta haikai vizuri kwenye kasha lake. Plagi nazo ziwe za aina iliyoandikwa kwenye kitabu, na nafasi yake isizidi ile iliyotajwa, ambayo kwa turbo nyingi ni milimita 0.7 hadi 0.8, nafasi kubwa inafanya cheche izimike turbo ikisukuma, na gari linajikwaa ukipita lori.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Ukianza kupanda kutoka Usa River kuelekea Tengeru, usiache gari gia ya juu kwenye resi 1,500 huku umekanyaga hadi chini. Injini ya 1.2 TSI inafikia nguvu yake yote ya kuvuta, Nm 175, kuanzia resi 1,550, lakini kuwa na nguvu hiyo si ruhusa ya kuibana hapo kilomita nzima. Shusha gia, ipe 2,500, kanyaga nusu. Utashangaa kwamba haili zaidi. Ukikanyaga mno kwa muda mrefu, kompyuta inaongeza petroli makusudi ili kupoza moshi usiunguze turbo, na petroli hiyo haikusogezi hata hatua. Ukipanda Marangu au ukitoka kuyapita malori, kilomita 2 za mwisho nenda taratibu kabla ya kuzima. Oili iliyosimama ndani ya turbo yenye moto inaungua na kuacha masizi magumu kwenye bomba lake jembamba. Kwa sababu hiyo, turbo ikifa, badilisha na bomba linaloipelekea oili, safisha linalorudisha, na jaza oili kwenye turbo mpya kwa mkono kabla ya kuwasha. Turbo mpya kwenye bomba lililoziba haifiki mbali.

Kupima ulaji nako kuna namna yake. Moshi ipo chini ya Arusha kwa zaidi ya mita 500, na kulipandisha gari la kilo 1,300 kimo hicho peke yake kunamaliza karibu robo tatu ya lita. Ukipima kwenda tu utalia, ukipima kurudi tu utajisifu bure. Jaza tangi hadi pampu ikate, andika kilomita, nenda na urudi mara tatu, jaza tena pampu ileile. Kilomita 480 kwa lita 37.5 ni 12.8. Kioo cha dashibodi usikiamini peke yake.

Kwa dada wa Moshi, utaratibu ni huu. Kwanza themostati mpya, mfuniko mpya, kulanti mpya, na chanzo cha kuchemsha kitafutwe kwa kupima presha ya mfumo. Siku hiyohiyo oili 5W-40 ya 502 00 na filta yake. Kisha sikiliza asubuhi tatu mfululizo. Kelele ikiisha, ilikuwa oili. Ikibaki, au kompyuta ikitoa namba ya hitilafu P0016, basi cheni imelegea, na injini hizi za 1.2 za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa hilo; zile za Golf 7 zilihamia kwenye belti. Cheni, kikazio na reli zake vibadilishwe kwa pamoja, kabla ya kwenda tena Arusha, kwa sababu cheni ikiruka meno, vali zinakutana na pistoni. Hadi ifanyiwe kazi, usiegeshe kwenye mteremko ukitegemea gia, maana uzito wa gari ukiisukuma injini, cheni iliyolegea inaweza kuruka. Vuta breki ya mkono kwanza, gari likae juu yake, ndipo uweke gia. Baada ya hapo jaza tangi na uniandikie namba mbili tu, kilomita na lita.