Pikipiki Kuukuu ya Safari Ndefu: Itengeneze Kwanza, Mapambo Baadaye

Pikipiki kubwa ya safari ya miaka ya 1980 au 1990, iwe Honda Gold Wing, Yamaha Venture au BMW ya mfululizo wa K, haimalizwi na kilomita. Injini zake ni kubwa, hazikamuliwi, na ikitunzwa hata kilomita 100,000 si uzee. Kinachoimaliza ni miaka. Mpira unakauka na kupasuka, mafuta ya breki yananyonya unyevu, soketi za waya zinaota kutu ya kijani. Ndiyo sababu pikipiki iliyolala miaka kumi chini ya turubai huwa na kazi nyingi kuliko ile iliyokuwa barabarani kila wiki, hata kama mita yake inasoma kilomita chache.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Kila unachoongeza kinadai kitu kwenye mfumo wa zamani: taa za ziada zinadai umeme, sanduku la nyuma linadai shokapu na tairi, usukani mrefu unadai urefu wa kebo. Kama hujui mfumo huo umebaki na nguvu kiasi gani, unapamba juu ya ubovu.

Kwa hiyo anza na vitu visivyoonekana. Soma ubavuni mwa tairi ule msimbo wa tarakimu nne: 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililopita miaka sita mimi silibebeshi mzigo na abiria, kwa sababu mpira mgumu haushiki barabara yenye maji. Bonyeza mipira inayounganisha kabureta na injini. Ikiwa migumu kama plastiki, badilisha yote kwa pamoja. Na kama una Gold Wing yoyote ya kuanzia GL1000 ya mwaka 1975 hadi GL1500, jua kwamba vali zake zinaendeshwa na mikanda miwili ya mpira, si cheni. Mkanda ukikatika, pistoni hugonga vali na injini inaharibika hapohapo. Usipojua mikanda ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Kazi yenyewe ni ya nusu siku: toa betri, toa kifuniko cha mbele, linganisha alama, vaa mikanda mipya, kisha zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili na uangalie alama tena kabla ya kugusa swichi ya kuwasha.

Umeme ndio bajeti

Pikipiki nyingi za safari za enzi hiyo zilitoka kiwandani na altaneta, yaani mashine ya kuzalisha umeme, ya kati ya wati 280 na 550. Tuseme yako inatoa 350. Taa kubwa inakula 60, taa nyingine pamoja na dashibodi kama 40, mfumo wa plagi kama 50, na feni ya rejeta ikiwaka inaongeza kama 60. Unabaki na wati 140 hivi, tena hizo ni pale injini inapozunguka mara 5,000 kwa dakika. Kwenye foleni, injini ikiunguruma polepole, altaneta haifiki hata nusu. Sasa funga taa mbili za halojeni za wati 55, vishikio vya joto vya wati 35, na koti la joto la wati 75: hizo ni wati 220. Betri itakuwa inalipa deni hilo kila kilomita, na siku utakayozima injini mbali na nyumbani haitawaka.

Kabla ya kuongeza chochote, pima. Betri iliyolala usiku mzima bila kuchajiwa isome volti 12.6 au zaidi. Washa injini, ipeleke kwenye mizunguko 5,000, pima tena kwenye vichwa vya betri: kati ya 13.8 na 14.5 ni salama. Ikipita 15, reguleta (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri) imekufa na inachemsha betri. Ikibaki chini ya 13, fuata waya tatu zinazotoka kwenye altaneta, ambazo kwenye pikipiki nyingi za Kijapani ni za njano. Chomoa soketi yake, weka multimita kwenye umeme wa AC (mkondo geu), upime kila jozi injini ikizunguka kwa kasi ileile. Majibu matatu yanatakiwa kulingana, na kwa altaneta za sumaku ya kudumu kwa kawaida huvuka volti 50. Jozi moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, koili imeungua. Kisha zima injini na upime kila waya dhidi ya bodi: hakutakiwi kuwa na mawasiliano hata kidogo.

Mara nyingi koili ni nzima na soketi ndiyo mbovu. Pini zake ndogo zikishika kutu, ukinzani hupanda, ukinzani huzaa joto, joto hulegeza pini, na mzunguko huo hujirudia mpaka plastiki inayeyuka. Dawa yake ya kudumu ni kuikata soketi hiyo na kulehemu waya moja kwa moja, tatu kwa tatu, kila kiungo kikifunikwa na mrija unaosinyaa kwa joto. Mpangilio wa hizo njano tatu haujalishi. Kinachojalisha ni usafi: ukimenya waya ukakuta shaba imekuwa nyeusi, endelea kukata nyuma hadi uone shaba inayong'aa, maana risasi haishiki kwenye kutu. Kwenye Gold Wing za GL1100 na GL1200 kazi hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa altaneta iko nyuma ya injini na kuibadilisha ni kushusha injini nzima.

Wengi hubadilisha taa zote kuwa za LED wakiamini wameipumzisha reguleta. Si kweli kwa reguleta za aina ya zamani. Altaneta ya sumaku huzalisha nguvu zake zote muda wote, na reguleta hiyo hurudisha ziada kwenye koili na kuigeuza joto. Ukipunguza matumizi, unaiongezea kazi. LED ni nzuri kwa sababu zinakuachia wati za kutumia kwingine. Ukitaka reguleta ipoe, funga ya aina ya kukata mkondo, na uiweke mahali inapopata upepo, imekaa juu ya chuma kisafi.

Kufunga taa za ziada kuna njia moja tu ninayoiamini: rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, yenye pini zenye namba. Pini 30 inatoka chanya ya betri kupitia fyuzi; 87 inakwenda kwenye taa; 86 inachukua umeme kwenye waya unaowaka swichi kuu inapofunguliwa, kwa mfano wa taa ya nyuma; 85 inakwenda hasi kupitia swichi yako ndogo. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Waya wa milimita za mraba 1.5 uwekee fyuzi ya ampea 10. Fyuzi inalinda waya, hailindi taa. Anayeweka ya 30 kwa sababu ya 10 inakatika anaandaa moto chini ya tanki. Epuka vile viungio vya kung'ata waya bila kuumenya. Vinakata nyuzi kadhaa na kuingiza maji, na miezi michache baadaye unatafuta hitilafu isiyoonekana.

Njia hiyohiyo inaifaa taa kubwa ya mbele. Pima volti kwenye balbu ikiwa inawaka, linganisha na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, swichi na waya za zamani zinakula mwanga wako, na rilei itaurudisha bila kununua balbu kali.

Breki

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama pikipiki haijatembea. Yananyonya unyevu kupitia mpira, na maji hayo huchemka kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo. Lever inakuja mpaka kwenye mshikio bila kushika kitu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine.

Paipu za mpira zenye miaka thelathini huvimba kwa ndani. Unapobana, shinikizo linapita. Unapoachia, mafuta hayarudi, na pedi zinaendelea kusugua diski. Mtu hufungua kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) mara tatu akitafuta kosa lililomo ndani ya paipu. Dalili hiyohiyo huletwa na kitundu kidogo cha kurudishia mafuta ndani ya masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye lever) kikiziba kwa uchafu. Kipimo ni rahisi: gurudumu likiwa limekwama, legeza bolti ya paipu pale kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia, kosa liko juu. Lisipoachia, fungua nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya kalipa. Likiachia hapo, kosa ni paipu, na lisipoachia hata hapo, pistoni za kalipa zimeganda. Ukibadilisha, weka paipu za wavu wa chuma na uweke washa mpya za shaba pande zote mbili za kila kiungo.

Unapotoa upepo kwenye mafuta ya breki, usiache chombo cha juu kikauke hata mara moja. Na kumbuka kwamba Gold Wing kuanzia mwaka 1983 zina breki zilizounganishwa: kanyagio la mguu linashika nyuma pamoja na kalipa moja ya mbele. Ukitoa upepo nyuma peke yake, kanyagio litabaki laini na hutajua kwa nini.

Mzigo na usukani

Kilo moja nyuma ya ekseli ya nyuma si sawa na kilo moja katikati ya pikipiki. Inafanya kazi kama wenzo: inabonyeza nyuma na kuinyanyua mbele, na gurudumu la mbele likipungukiwa uzito pikipiki huanza kuyumbayumba kwenye kasi. Masanduku mengi ya juu yana kikomo cha kati ya kilo 5 na 10, na kikomo hicho si cha kufuli wala cha plastiki pekee. Weka zana na vitu vizito chini kwenye masanduku ya pembeni, vikisogea mbele kadiri inavyowezekana, pande zote zikilingana. Sandukuni juu weka nguo.

Usukani ukitikisika unapopunguza kasi, usikimbilie kununua damperi (kifaa cha kutuliza mtikisiko wa usukani). Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi kishimo katikati, beringi za shingo zimekufa. Weka za rola zenye umbo la koni. Kama hakuna kishimo, angalia tairi la mbele kama limelika kwa mawimbi.

Shokapu za mbele za enzi hiyo nyingi zina valvu ya upepo. Usizijaze kwa kompresa kamwe. Nafasi ya hewa ndani ni ndogo mno, pumzi moja ya kompresa inapasua sili. Tumia pampu ya mkono na fuata namba za kitabu. Mafuta yake ukibadilisha, usiamini ujazo uliomiminwa peke yake: toa springi, bonyeza shokapu mpaka chini, pima kutoka ukingo wa juu hadi usawa wa mafuta, na pande zote mbili zilingane kwa milimita.

Ukiinua usukani, geuza kona zote mbili injini ikiwaka, pikipiki ikiwa imesimama. Mizunguko ikipanda yenyewe, kebo ya mafuta imebanwa, na hilo litakutokea ukikata kona. Kioo cha upepo nacho kikate ili ukingo wake uwe usawa wa pua yako. Uangalie juu yake, usiangalie kupitia. Kioo cha polikaboneti kisafishwe kwa maji na sabuni laini tu, kwani petroli na dawa za vioo vya nyumba zinakitia ufa.

Jambo dogo linalookoa hasira nyingi: skrubu za pikipiki za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini mfereji wake ni wa kipimo cha JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya kawaida haizami hadi chini, inapanda na kuzila. Nunua bisibisi za JIS kabla ya kugusa kabureta. Na ndani ya kabureta, jeti hazichokonolewi kwa waya wa chuma. Loweka kwenye dawa, pitisha hewa, na uangalie kwenye mwanga kama tundu ni duara safi.

Mwisho, kila tairi la nyuma linapotoka kwa kubadilishwa, usilirudishe kabla ya kusafisha meno ya shafti na ya difu. Futa grisi ya zamani, angalia meno: yakiwa bapa juu ni mazima, yakichongoka yanakaribia kuachia. Paka grisi nzito ya molibdeni, Honda hutaka yenye asilimia 60, kwa safu nyembamba kwenye meno yote. Angalia kama oringi imekaa kwenye mfereji wake, sukuma gurudumu mpaka liingie bila kulazimisha, kaza nati za difu baada ya ekseli kukazwa, ili meno yajipange yenyewe.