Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu Kiswahili cha nyumbani

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu na sikukujibu palepale, si kwamba nimenuna, ni kwamba uliniuliza maswali mawili ukadhani ni moja. La kwanza, mwalimu wa mume wangu mdogo huko inglishi midiam kawaambia muache kabisa kuongea Kiswahili nyumbani maana mtoto anachanganya, je mumsikilize? La pili ukalitupia tu mwishoni kama utani, "kwani nyie si hamkunifundisha Kisukuma na nimekua poa tu". Hilo la pili ndo lilinikosesha usingizi, basi nianze nalo.

Mimi naingia darasa la kwanza 1970 hapo kijijini Magu sijui Kiswahili, najua shikamoo na marahaba basi. Mwalimu anaongea siku nzima mimi naangalia mdomo wake. Na kulikuwa na kibao kimefungwa kamba, ukisikika unaongea kilugha unavishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzio akiongea umhamishie, na atakayekuwa nacho jioni anachapwa. Yaani tulikuwa tunanyatiana nyuma ya vyoo kama polisi. Mdogo wake mama aliwahi kujikwaa akalia "mayu!", akavishwa. Mtoto kaumia kidole anamlilia mama yake, anavishwa kibao.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba nilikichukia Kiswahili. Nilikipenda mno. Tangu 1967 ndo kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi nchi nzima, na nilipofika sekondari ya bweni nikakuta wasichana wa Bukoba, wa Mtwara, wa Iringa, na usiku wa kwanza tu tunacheka pamoja kitanda kwa kitanda. Na wewe mwenyewe usingekuwepo bila Kiswahili, Mnyakyusa wa Tukuyu na Msukuma wa Magu wangetongozana kwa lugha gani?

Hiyo ndo sababu niliyokuwa naitoa watu wakiniuliza, baba yao Mnyakyusa mimi Msukuma, nyumbani tunaongea Kiswahili. Ni kweli ila ni nusu. Nusu nyingine ni aibu. Chuo cha ualimu nilikuwa nikisema "habali za asubuhi" darasa zima linaangua kicheko, nikaapa watoto wangu hawatachekwa hivyo. Nikafunga mlango makusudi. Unakumbuka bibi alipokuja kwetu Tabora kutibiwa macho, wewe una miaka saba? Mwezi mzima mlikaa mkeka mmoja mnatazamana. Yule mama ana hadithi za sungura na fisi za kumaliza masika, mimi nimelala nazo utoto wangu wote, kwako alikuwa na maneno mawili matatu tu, kula mjukuu wangu, njoo mjukuu wangu, lala. Kwa hiyo ukisema umekua poa nakubali, ila kuna mtu ulikaa naye mwezi mzima na hukumjua, na aliyesababisha ni mimi.

Sasa ya shule.

Nimefundisha baiolojia sekondari kuanzia 1986 mpaka nastaafu 2022, na darasa nililolijua kuliko yote ni fom wan mwezi wa kwanza. Hawa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo tu, ghafla kila kitu Kiingereza isipokuwa somo lenyewe la Kiswahili. Watoto waliokuwa wanapiga kelele mpaka unawafukuza dirishani wanakuwa kimya kama msibani. Unauliza mmea unatengenezaje chakula, kimya. Nikichoka nafunga mlango, naangalia kama mkuu hapiti, nasema haya, nani anakumbuka usanisinuru. Mikono juu! Umbijani, mwanga wa jua, maji, hewa ya ukaa, yote wanayo. Kuna kijana mmoja alikuwa anakaa nyuma karibu na mlango, siku hiyo akasimama akaeleza mahindi ya kwao yaliyopandwa chini ya mwembe yanakuwa membamba ya njano kwa sababu mwembe unayanyima jua, na akaongeza mwenyewe kwamba mizizi ya mwembe nayo inanyang'anya maji. Sijawahi kufundisha vizuri kama alivyoeleza yule. Mtihani wa muhula akaandika maelezo yaleyale kwa Kiswahili, ukurasa mzima, mwandiko safi. Nikampa sifuri. Ndo sheria. Na mimi huyohuyo niliyelia na kibao cha Magu nikawa na notisi ya marufuku kuongea Kiswahili mlangoni kwa darasa langu, na anayekosea anafyeka nyasi. Nimewafyekesha wengi.

Usidhani serikali haikujua. Tume ya Makweta, ile ya rais ya kuangalia elimu, ilishasema 1982 kwamba sekondari waanze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985, sisi vyuoni tukawa tunajiandaa, halafu ikazimwa, Mwalimu Nyerere akasema Kiingereza ndo Kiswahili cha dunia. Sera ya elimu ya 2014 ikarudisha tena Kiswahili ngazi zote, tukashangilia, lakini toleo la 2023 likabakiza sekondari Kiingereza na Kiingereza kama somo kianze darasa la kwanza. Wazazi wengi nao hawataki Kiswahili sekondari, na siwalaumu, nani anataka mwanae abaki nyuma kwenye usaili. Mnaouza nyanya mpaka usiku kulipa ada mna akili zenu.

Kwa hiyo sikwambii mtoe mtoto huko. Kiingereza ajue, tena ajue vizuri kuliko mimi. Ila mwalimu wake hapo kwenye kuacha Kiswahili nyumbani kakosea, na nasema hivyo nikiwa mwalimu mwenzie. Mtoto kusema "mama nataka water" hajachanganyikiwa, anatumia alichonacho, na lugha mbili kichwani hazigombanii kitanda. Mtoto aliyezoea nyumbani kueleza jambo kwa kirefu, kubisha, kuuliza kwa nini, ule uwezo anaenda nao kwenye Kiingereza. Asipoupata nyumbani, darasani atakariri.

Na sikiliza, nilikuwa kwako mwezi wa kumi, nimewasikia. Mume wako anatoka kazini amechoka, anamwambia mtoto kamu, iti, go bathi, donti tachi. Basi. Kiingereza chenu cha nyumbani ni amri nne! (Usimwonyeshe hii barua, mkwe wangu namheshimu.) Mtoto akianza kuuliza mbwa akifa anaenda wapi mnatazamana, mnamwasha katuni. Huwezi kumtania mtoto, wala kumbembeleza, kwa lugha ambayo wewe mwenyewe bado unaitafuta. Nilivyowaona nikamkumbuka bibi yako pale mkekani, njoo, kula, lala.

Kaongee naye Kiswahili, tena kile kirefu, sio cha kutumana chumvi. Mtegee vitendawili. Siku ile nilimtegea "nyumba yangu haina mlango" akahangaika nusu saa, alipopata yai akaenda jikoni akalichukua akaligeuza geuza akaniuliza sasa kifaranga anapumuaje. Mwanangu, mtoto wa miaka sita! Nikamwambia lina vitundu vidogo macho hayavioni, akakaa kimya anawaza. Kiingereza msomeeni vitabu, kimoja kila usiku kinatosha, na jina la kitu akilileta kwa Kiingereza mpe la Kiswahili naye akufundishe la kwake. Mwalimu akiuliza mwambie kwa adabu tu kwamba nyumbani tumeamua hivi, usibishane naye mbele ya mtoto.

Na Kisukuma. Jumapili bibi yako alitaka kusikia sauti ya kitukuu chake, nikampa simu, akamwambia "mwangaluka", kikajibu "faini thenki yu". Bibi akacheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza taratibu, anasemaje huyu? Nikamwambia anasema hajambo. Ana miaka themanini na kitu, macho hayaoni tena ila hadithi bado zipo zote.

Likizo ya mwezi wa sita mlete. Sio kwangu Mwanza, nampeleka moja kwa moja Magu wiki tatu, nami nitakuwepo. Nawe kama una likizo njoo ukae kwenye ule mkeka, hujachelewa. Nauli natuma mimi, uniambie tu basi la siku gani.

Msalimie mume wangu mdogo. Muulize yai linapumuaje, aeleze kwa lugha anayotaka.

Mama yako

Nimesahau, zile dagaa nilizotuma uzianike tena kabla hujaweka kwenye kopo, njiani zilipata mvua.