Xbox ya GB 512 au PS4 ya mtumba? Maswali yenu kuhusu nafasi ya gemu

SWALI: Assalamu alaikum kaka. Mie niko Kisauni, nimejikusanyia elfu thelathini na tano kwa kazi ya bodaboda na sasa nataka mashine yangu mwenyewe, nimechoka kulipia kila mechi vibandani. Kuna jamaa aniuzia Xbox Series S imetumika kidogo, ile nyeupe ya GB 512, na huku town kuna duka lina PS4 Slim ya GB 500 ya mtumba pamoja na CD mbili. Wenzangu wanasema Xbox ndio mpya ndio kali, lakini mwengine kanitisha eti yajaa haraka, gemu nne tano basi imekwisha. Mie nacheza FC (ile gemu ya mpira), GTA na Call of Duty, mdogo wangu ataka Fortnite. Intaneti natumia bando ya simu, nawasha hotspot. Nichukue gani?
– Msomaji, Kisauni

JIBU: Waalaikum salaam mdogo wangu, na hongera kwa kuweka hizo pesa, najua bodaboda mafuta yakipanda kuweka akiba si mchezo.

Tuanze na hiyo ya kujaa, manake huyo rafiki yako hakukudanganya ila hakukumalizia. Xbox Series S ilipotoka Novemba 2020 iliandikwa GB 512 lakini ukiiwasha nafasi ya gemu unayoipata ni kama GB 364. Zengine zimekwenda wapi? Kwanza kiwanda chahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili na mashine yenyewe yahesabu kwa 1024 badala ya 1000 kila hatua, kwa hivo 512 inakuwa kama 476 kabla hujaweka chochote, halafu mfumo wa mashine nao unajikatia sehemu yake zaidi ya GB 100. PS4 ya 500 nayo ni vilevile, unabaki na kama 400 na kitu. Kwa hivo ukiangalia nafasi peke yake hizo mbili hazijaachana sana, PS4 hata yaongoza kidogo, ingawa namba iliyoandikwa kwenye boksi yake ndio ndogo.

Sasa chukua gemu zako. FC ni kama GB 50. GTA V yakaribia 100. Call of Duty ukiiweka yote pamoja na Warzone yake inapita 100 bila shida, ingawa unaruhusiwa kuweka vipande tu, ile sehemu ya hadithi ukishaimaliza waifuta na unabaki na ya kucheza na watu. Fortnite ni makumi ya GB. Jumlisha utaona zote nne zaingia kwenye Xbox na nafasi kidogo yabaki. Kwa hivo kujaa si tatizo lako la kwanza, gemu zako ni nne na watu wengi hawachezi zaidi ya hizo kwa wakati mmoja.

Tatizo lako ni bando, na hapa nakuomba usome polepole.

Series S haina pahali pa kutia CD. Kila gemu lazima ishuke kwa intaneti, hata kuiwasha mara ya kwanza kabisa yataka intaneti. Ukiwa na laini ya Mbps 10 isiyokatika unashusha kama GB 4 na nusu kwa saa, FC peke yake ni saa kumi na moja, na zile gemu zote nne ni karibu siku tatu usiku na mchana bila kupumzika. Hiyo ni laini ya faiba. Kwa hotspot ya simu, tena ukiwa umeshiriki na mdogo wako ataka TikTok, wewe mwenyewe piga hesabu bando za GB 300 zitakugharimu ngapi. Halafu apdeti. Halafu ile siku umeona gemu mpya nzuri, hakuna nafasi, wafuta GTA, mwezi ujao waitaka tena, unaanza upya kuishusha. Hapo ndipo nafasi ndogo inapouma. Mwenye faiba akifuta gemu ameipumzisha tu, kesho asubuhi iko. Mwenye bando akiifuta ameilipia mara mbili.

Kwa hivo swali ninalomuuliza kila mtu anayetaka mashine ya bei nafuu ni hili, gemu uliyoifuta itakugharimu nini kuirudisha? Jibu lake ndilo litakwambia GB ngapi zakutosha.

PS4 yala CD. Lakini usije ukadhani CD yaokoa nafasi, hapana, PS4 hunakili gemu kutoka kwa CD mpaka kwenye hadi diski yake na CD yenyewe yabaki ndani kama ruhusa tu ya kucheza. Inachookoa ni bando. Gemu ya GB 50 yatoka kwa CD badala ya hewani, ukiifuta waitia tena bure, ukiichoka wabadilishana na mwenzako au wauza. Apdeti bado utashusha, na Fortnite haina njia nyengine ila kushusha, lakini mzigo mkubwa unakuwa umetoka. Tahadhari moja, si kila CD ina gemu nzima ndani. Call of Duty ya 2022, Modern Warfare II, CD yake ya PS5 haikuwa hata na MB 100, kila kitu chashuka kwa intaneti. Angalia jalada kabla hujalipa, kama imeandikwa lazima udaunlodi iulize bei upya au iwache.

Jambo la pili linaloniegemeza kwa PS4 ni kwamba nafasi yake yaongezeka kwa pesa ndogo. Hadi diski ya ndani ni ile ya laptop ya inchi 2.5, kwenye Slim wavuta kifuniko cha pembeni nyuma, skrubu moja, yatoka. Waweza kutia ya TB 1 (kama GB 1000) au SSD kabisa, ile diski ya kasi isiyozunguka, kisha mfumo unauweka upya kwa flash. Na kama hutaki kufungua mashine, chomeka hadi diski ya USB 3.0 kuanzia GB 250 mpaka TB 8, PS4 yaicheza gemu moja kwa moja kutoka hapo. Ila chomeka moja kwa moja kwenye mashine, usipitishie kwenye kile kigawanyishi cha USB.

Xbox Series S mambo yake ni mengine. Kuna kadi maalum ya kuchomeka nyuma, ya Seagate na baadaye ya WD, nzuri sana na kasi ni ileile ya ndani, lakini ile ya TB 1 ilipotoka 2020 bei yake ilikuwa dola 219.99 na mashine yenyewe dola 299. Mtu aliyenunua mashine ya bei nafuu kwa sababu ya bajeti kisha aambiwe alipe karibu robo tatu ya bei hiyo kwa nafasi tu, kwangu mimi haiingii. Hadi diski ya kawaida ya USB pia yafanya kazi, ila kwa masharti: gemu za zamani za Xbox One na 360 zinacheza kutoka hapo, lakini gemu zilizotengenezwa kwa Series zinahifadhiwa tu hapo, ukitaka kucheza lazima uihamishe ndani kwanza. Kuhamisha ni dakika, si saa, kwa hivo bado ni msaada mkubwa, na ndio ningemshauri mwenye Series S anunue kabla ya kuifikiria kadi.

Na kuna faida moja ya Xbox watu wa bando hawaijui. Hiyo hadi diski ya USB waweza kuichukua ukaipeleka kwa rafiki aliye na Xbox na faiba, mfano huko Nyali au Bamburi, ukaingia kwa akaunti yako, ukaiacha ishuke usiku, asubuhi ukarudi nayo Kisauni. Gemu ni yako kwa akaunti yako, hakuna ujanja hapo. Kama una rafiki wa hivo na ni mtu wa kuaminika hesabu yako yabadilika kabisa.

Sasa uamuzi. Kwa hali uliyoniandikia leo, bando ya simu na gemu nne, chukua PS4. FC 26 ya mwaka 2025 ilitoka kwa PS4 pia na GTA V iko. Ukiacha huyo rafiki mwenye faiba, kitu kimoja tu kitakachonifanya nigeuke ni kama unaingojea GTA VI, hiyo imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series peke yake, PS4 haimo. Kama hiyo ndio ndoto yako na nyumbani kwenu faiba itaingia karibuni, subiri kidogo, chukua Series S na ukipata ile nyeusi ya TB 1 iliyotoka 2023 kwa nyongeza ndogo hiyo ndio bora zaidi kwako kuliko nyeupe na kadi.

Ukienda dukani usilipe kabla ya kuona gemu ikiingia kutoka kwa CD mpaka mwisho. PS4 nyengine za mtumba hadi diski yake imefanya kazi miaka mingi, sikiza kama yagonga gonga ndani, ikigonga omba wakubadilishie au wapunguze bei. Ingia kwa mipangilio uone nafasi iliyobaki ni ngapi, na mwambie muuzaji afute akaunti ya mwenyewe wa kwanza mbele yako. Na ukifika nyumbani iweke mbali na dirisha la upepo wa bahari na isiwe chini kwenye vumbi, joto letu hili la Mombasa na chumvi ya hewani hazina huruma na feni ya mashine.

La mwisho kwako, zile flash za TB 2 zinazouzwa bei ya sahani ya biriani usizishike. Nyingi ndani zina GB 32 au 64 na zimepangwa zidanganye kompyuta, zakubali kuandikwa mpaka nafasi ya kweli iishe kisha zaanza kufuta vya nyuma.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa hapa Likoni. Shangazi yake mjukuu wangu yuko Muscat, ataka kumletea mtoto Nintendo Switch Lite likizo hii. Mtoto ana miaka tisa. Jirani asema hiyo nafasi yake ni GB 32 tu, ni kama kumnunulia mtoto simu iliyojaa. Nimwambie asilete?
– Bibi, Likoni

JIBU: Shikamoo mama. Mwambie alete, tena kwa moyo mmoja.

Ni kweli ni GB 32 na zinazobaki za kutumia ni kama 25. Lakini Switch si kama hizo kubwa, gemu yake ikiwa kwenye kile kikadi kidogo cha kuchomeka inacheza kutoka kwenye kikadi chenyewe, haijinakili ndani, ndani zaingia apdeti na pale mtoto alipofikia tu. Na gemu zake zenyewe ni nyepesi, Mario Kart 8 Deluxe ni kama GB 7. Mwambie shangazi anunue vikadi viwili vya gemu huko Muscat pamoja na memori kadi ya microSD ya GB 128 ya kampuni inayojulikana, aitie kabisa kabla ya kusafiri. Ile ya kawaida tu, asishawishiwe microSD Express, hiyo ni ya Switch 2.

Mama, na gemu ikifutwa kwa bahati mbaya usimgombeze, pale alipofikia panabaki kwenye mashine, akiirudisha anaendelea. Isipokuwa afute zile data zake makusudi, hapo ndio zitakuwa zimekwenda.

SWALI: Kaka habari. Nina kibanda cha gemu Mwembe Tayari, PS4 nne zote za GB 500. Nafikiria kutia SSD za TB 1 kila moja wateja wapate gemu nyingi. Ni wazo zuri?
– Mwenye kibanda

JIBU: Salama ndugu yangu. Wateja wako wanakuja kucheza nini? Kama ni FC na pengine Mortal Kombat kama kibanda chochote, GB 400 yatosha na yabaki. Hakuna mtu analipia mechi aingie aanze gemu ya hadithi ya saa arobaini.

SSD itakupunguzia muda wa gemu kufunguka, hiyo ni kweli, na kama foleni yako ni ndefu Jumamosi basi itie kwenye mashine moja uone. Nyengine tatu ziache. Unachotakiwa kuwacha wazi ni kama GB 100 kwenye kila mashine kwa sababu PS4 ikipata apdeti kubwa yaweza kutaka nafasi karibu mara mbili ya gemu yenyewe wakati inanakili, ikikosa yakataa na wateja wamekaa wakikuangalia. Futa hizo demo na video za mabao wateja wanazorekodi, hizo ndizo zinazokula nafasi kimyakimya, na apdeti zishushe usiku kibanda kikiwa kimefungwa.

Pesa za SSD tatu nunua pedi. Pedi ndio zinazokufa kibandani, na mteja akipewa pedi inayojiendesha yenyewe upande mmoja wiki ijayo yuko kwa jirani yako.